Mfalme Charles hakumjibu Trump, serikali ya Kanada ndo ilimjibu

Tarehe 27 Mei 2025 Mfalme Charles wa Tatu alikaa kwenye kiti cha enzi kule Ottawa, ndani ya ukumbi wa Seneti, akasoma hotuba ya kufungua bunge la Kanada, na humo ndani akakumbushia maneno ya wimbo wa taifa wa nchi hiyo kwamba ile ni nchi ya kaskazini iliyo imara na huru. Kipindi hicho Donald Trump alikuwa anarudia mara kwa mara kwamba Kanada inafaa iwe jimbo la 51 la Marekani, kwa hiyo haikuchukua muda mitandao ikajaa klipu na watu wakishangilia kwamba mfalme kasimama, mfalme kamjibu Trump, kumbe mzee ana msimamo. Halafu Septemba 17 mwaka huohuo mfalme huyohuyo akampokea Trump pale kwenye kasri la Windsor, Uingereza, kwa gwaride, farasi na karamu kubwa, ziara ya pili ya kitaifa, heshima ambayo hakuna rais mwingine wa Marekani aliyewahi kupewa. Walewale waliomshangilia Mei wakamgeuka, wakamuita mnafiki, kigeugeu, mtu aliyewasaliti Wakanada. Mpaka leo kila akionekana na kiongozi fulani mjadala unaanza upya, watu wanamchungua uso, wanachungua tai aliyovaa, wanatafuta anafikiria nini.

Mimi nasema pande zote mbili, walioshangilia na waliotukana, wamekosea sehemu moja. Wamesoma kitendo cha mfalme kama maoni ya mfalme. Kwenye ufalme wa kikatiba mfalme akifanya kazi yake sawasawa basi unachokisikia sio sauti yake, ni sauti ya serikali iliyochaguliwa, yeye anaipa mdomo na sherehe tu. Na hii sio kasoro ya mfumo wala ishara kwamba mfalme ni pambo, hii ndo kazi yenyewe, na tukiendelea kuwadai wafalme wawe na msimamo tutakuja kujutia siku watakapokuwa nao kweli.

Tuanze na kilichotokea, maana wengi hawajui kwamba pale kulikuwa na mataji mawili tofauti kwenye kichwa kimoja. Tangu sheria ya Westminster ya mwaka 1931, Kanada sio nchi inayotawaliwa na mfalme wa Uingereza, ina mfalme wake yenyewe, ambaye kwa bahati ya historia ni mtu yuleyule. Charles ni mfalme wa nchi 15, na kila moja ina mawaziri wake wanaomshauri juu ya mambo yake. Neno "kumshauri" hapa linadanganya kidogo, kwa sababu kwenye lugha ya kawaida ushauri unaweza kuukataa, ila kwenye mfumo huu ushauri wa waziri mkuu mwenye wabunge wengi ni kama maagizo. Ile hotuba ya Ottawa iliandaliwa na serikali ya Mark Carney, waziri mkuu wa Kanada, yeye ndo aliyemualika, yeye ndo aliyeshinda uchaguzi Aprili 28 baada ya kampeni ambayo Trump alikuwa mada kuu. Ile barua ya kumualika Trump Windsor nayo ilibebwa na Keir Starmer mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akaitoa White House Februari 27, kwa sababu serikali ya Uingereza ilikuwa inatafuta unafuu wa ushuru na ilitaka Marekani isiiache Ukraine. Kwa hiyo serikali mbili zenye maslahi tofauti zilimtumia mtu mmoja, na Carney alisema hadharani kwamba Wakanada hawakufurahishwa na ule mwaliko. Ugomvi wake ulikuwa na Starmer, na alikuwa sahihi kuupeleka huko. Waswahili wanasema mjumbe hauawi, na mimi naongeza kwamba mjumbe hapewi sifa pia kwa ujumbe alioandikiwa na mwingine.

Haya mambo hayakuanzia jana. Uingereza ilichukua zaidi ya miaka 100 kufika hapo na haikufika kwa mpango, ilifika kwa mfalme mmoja mmoja kupoteza kitu. Sheria ya Haki ya 1689 iliondoa uwezo wa mfalme kusimamisha sheria au kukusanya kodi bila bunge. Mwaka 1708 Malkia Anne alikataa kuidhinisha muswada wa jeshi la mgambo la Scotland, na hata hapo alikataa kwa sababu mawaziri wake walimwambia akatae, na tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia wa nchi hiyo aliyekataa muswada tena. Mwaka 1834 William wa Nne aliifukuza serikali ya Melbourne, uchaguzi ukafanyika, na ndani ya miezi michache akalazimika kumrudisha Melbourne huyohuyo aliyemfukuza, hakuna aliyejaribu tena baada yake. Ilipofika 1867 mwandishi mmoja Mwingereza aliweza kuandika kwamba mfalme amebakiwa na haki tatu tu, haki ya kuulizwa, haki ya kutia moyo na haki ya kuonya. Zote hizo ni za chumbani na waziri mkuu, sio za kwenye kipaza sauti. Nchi nyingine hazikutaka kuacha jambo hili kwenye desturi, zikaliandika. Katiba ya Japani ya 1947 inasema wazi kwamba mfalme ni alama ya taifa na hana mamlaka yoyote ya kiserikali. Katiba ya Uswidi iliyoanza kazi 1975 ilimuondoa mfalme hata kwenye kuunda serikali, kazi hiyo inafanywa na spika, na mambo yanakwenda.

Sasa mtu atauliza, kama ni hivyo wa nini? Kwa nini nchi imlishe mtu wa kusoma karatasi za wengine? Swali la haki kabisa. Jibu la haraka wanalolitoa watetezi wengi ni utalii, na mimi naomba tuliache hilo, watu wanajaa kwenye kasri la Versailles na Ufaransa haina mfalme. Hoja ya gharama ya wapinzani nayo tuiache hivyohivyo, ruzuku ya familia ya kifalme Uingereza ilipanda kutoka pauni milioni 86.3 hadi milioni 132.1 mwaka wa fedha 2025/26, sehemu kubwa ya ongezeko ni ukarabati wa kasri la Buckingham, ni hela nyingi ila hata rais wa heshima ana ikulu na walinzi na magari. Jibu ambalo mimi nalikubali liko kwingine. Kila nchi ina kile kiti cha juu kabisa, kinachopigiwa wimbo na kupewa saluti, kinachoapiwa na jeshi na majaji, na kiti hicho kina nguvu yake hata kama hakijapewa mamlaka yoyote kwenye karatasi kwa sababu binadamu wanakiheshimu bila kufikiria. Ufalme wa kikatiba unamuweka pale mtu ambaye hawezi kufanya lolote, ili yule anayeweza kufanya kila kitu asikikalie. Waziri mkuu ana polisi, ana bajeti, ana wabunge, lakini askari hawajaapa kwake, na mtu akimpinga bungeni anapinga serikali, hapingi taifa. Na kila baada ya muda anaenda kuripoti kwa mtu mwingine na anainama. Ule mgawanyo ndo bidhaa yenyewe, mengine yote ni mapambo.

Ila ndo maana pia mtu wa kwenye kiti lazima awe kimya, na hapa ndo napokosana na wale wa "mfalme kasimama". Ukimsifu leo kwa kusema unachokipenda wewe, umeshakubali kwamba ana ruhusa ya kusema, na kesho atasema usichokipenda na hutakuwa na hoja ya kumzuia. Huwezi kumfukuza kwa kura. Hajakuahidi kitu. Ni mzee aliyezaliwa kwenye familia fulani, na siku maoni yake yakianza kuwa na uzito basi nchi imerudi ilikotoka kabla ya 1689.

Wapinzani wa ufalme wana hoja moja nzito na sitaki niipite haraka. Wanasema huo ukimya ni wa hadharani tu, chumbani kuna sauti, na hakuna anayeisikia. Kuna utaratibu Uingereza ambapo muswada ukigusa mali au maslahi ya taji lazima ridhaa ya mfalme iombwe kabla bunge halijaupitisha, na uchunguzi wa gazeti la Guardian mwaka 2021 ulionyesha sheria zaidi ya 1,000 zilipitia kwa Malkia Elizabeth au mwanae Charles kwa njia hiyo. Watetezi wanasema ni desturi tu, ridhaa inatolewa siku zote. Mimi sioni kama hilo ni jibu, kwa sababu ukijua muswada wako utapita kwenye meza ya mtu fulani unauandika kwa kumfikiria hata kama hatakataa. Kama kanuni ni kwamba mfalme hana maoni basi hakuna cha kumuonyesha kabla ya wengine, na mwenye mashamba mengi anapewa nafasi ambayo wenye mashamba wengine hawana. Hiyo ifutwe. Anayetaka ufalme udumu ndo angekuwa wa kwanza kudai ifutwe, kwa sababu inaharibu hoja pekee nzuri ya kuwa nao. Hoja yao kwamba kiti hakipaswi kurithiwa siipingi, ni kweli kurithi hakuna utetezi wa kimantiki, Ujerumani na Ireland zina marais wa heshima wanaofanya kazi hiyohiyo bila damu ya mtu, na wanaifanya vizuri. Kinachohitajika ni kiti, sio ukoo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inasikika kila sehemu, ni kwamba mfalme ni kinga ya mwisho, kwamba akija dikteta mfalme atakataa kusaini na nchi itapona. Angalia Italia. Oktoba 28, 1922 wafuasi wa Mussolini walikuwa wanaelekea Roma, waziri mkuu Luigi Facta akampelekea mfalme amri ya hali ya hatari ili jeshi liwazuie, na Victor Emmanuel wa Tatu akakataa kusaini, akamuita Mussolini aunde serikali. Yaani mfalme alifanya hasa kile ambacho watu wanamuomba afanye, alisema hapana kwa serikali, na hapana hiyo ndo iliyofungua mlango kwa udikteta. Italia ilimlipa Juni 1946 kwa kura ya kuufuta ufalme. Ugiriki Aprili 1967 makanali walipochukua nchi Constantine wa Pili aliwaapisha, alipojaribu kuwageuka Desemba mpango ukafeli akakimbilia Roma, na kura ya maoni ya 1974 ikamaliza kila kitu kwa asilimia karibu 69.

Mtu ataniletea Norway na Hispania na ana haki ya kuzileta. Lakini tuzitazame vizuri. Aprili 1940 Wajerumani walipomtaka Haakon wa Saba amteue kibaraka wao Quisling kuwa waziri mkuu, hakuamua peke yake, aliiambia serikali yake kwamba uamuzi ni wenu, ila mkikubali mimi siwezi kumteua na nitaachia kiti. Hata siku ile, na mabomu yanakuja, aliwaachia wao neno la mwisho, alichokishikilia ni nafsi yake tu. Na Hispania, usiku wa Februari 23, 1981, luteni kanali Tejero alikuwa ameingia bungeni na bastola, serikali nzima imeshikwa mateka mle ndani, hakukuwa na waziri wa kumshauri Juan Carlos. Akavaa sare, akatokea kwenye televisheni usiku wa manane, akawaamuru makamanda waiheshimu katiba, na kufikia mchana wabunge walikuwa huru. (Kwamba miaka ya baadaye alichafuka na mambo ya fedha hadi akaondoka Hispania 2020 ni kweli, lakini haifuti usiku ule.) Kwa hiyo mfalme anaruhusiwa kutenda pale ambapo washauri hawapo au wametekwa, na anatenda kiasi cha kuwarudisha tu. Malaysia Novemba 2022 ilikuwa sura nyepesi ya jambo hilohilo, uchaguzi haukumpa mtu wabunge wa kutosha, hakukuwa na waziri mkuu mwenye haki ya kushauri, mfalme akaongea na vyama akamteua Anwar Ibrahim, bunge likamthibitisha kwa kura ya imani Desemba, na mfalme akarudi kwenye ukimya wake.

Linganisha na Lesotho. Machi 1993 chama cha Ntsu Mokhehle kilishinda viti vyote 65, vyote. Agosti 1994 Mfalme Letsie wa Tatu akaifukuza serikali hiyo kwa madai kwamba wananchi hawaridhiki nayo. Washauri walikuwepo, wamechaguliwa juzi, hawajatekwa na mtu. Watu wakafa mitaani, Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe zikaingilia, na Septemba serikali ikarudi. Australia Novemba 11, 1975 ni ngumu zaidi, Gavana Mkuu John Kerr, mwakilishi wa malkia, alimfukuza waziri mkuu Gough Whitlam kwa sababu Seneti ilikuwa imezuia bajeti, na Malcolm Fraser aliyewekwa badala yake alishinda uchaguzi wa Desemba kwa kishindo, watu wengi wanasema basi Kerr alikuwa sahihi. Mimi sikubali. Whitlam alikuwa na wabunge wengi kwenye lile baraza la bunge linalounda serikali, na kushinda kwa Fraser baadaye hakuhalalishi mtu asiyechaguliwa kumuondoa aliyechaguliwa bila hata kumuonya. Wananchi wangeweza kumuondoa Whitlam wenyewe.

Kuna kesi moja inanisumbua kwa kweli, nayo ni ya Agosti 2019. Boris Johnson alimshauri Malkia Elizabeth aahirishe bunge kwa wiki tano katikati ya mgogoro wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, akakubali, na Septemba 24 majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu wakasema ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria na kuahirishwa kule hakukuwepo. Wengi walimlaumu malkia kwamba alipaswa kukataa. Lakini angekataa yeye, nusu ya nchi ingesema malkia amechukua upande kwenye Brexit, na ingekuwa kweli. Mahakama ilikataa kwa sababu zilizoandikwa, zinazosomeka, zilizojadiliwa na mawakili wa pande zote. Kinga ilikuwepo, ila haikuwa ikulu, na naona hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Na dhamira ya mfalme je, maana naye ni binadamu? Ubelgiji Aprili 1990 Mfalme Baudouin alisema dini yake haimruhusu kusaini sheria ya utoaji mimba, serikali ikamtangaza kuwa hawezi kutawala, mawaziri wakasaini wao, bunge likamrudisha kesho yake. Luxembourg 2008 Grand Duke Henri, mtawala wa nchi hiyo, alikataa sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa, na bunge likabadilisha katiba ili idhini yake isihitajike tena. Hawakumtukana, hawakumbembeleza, walimuondoa njiani. Nchi zote mbili zina ufalme hadi leo.

Hili lina maana kubwa kwa nchi zinazotaka kuachana na mfalme, na hapa Afrika ya miaka ya 60 inafundisha kuliko Ulaya. Watu wengi hawakumbuki kwamba Tanganyika kuanzia Desemba 1961 hadi Desemba 1962, na Kenya kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1964, zilikuwa falme za kikatiba, Malkia Elizabeth ndo alikuwa mkuu wa nchi na gavana mkuu akimwakilisha, na Nyerere kisha Kawawa na kule Kenyatta walikuwa mawaziri wakuu. Kumuondoa malkia ilikuwa halali kabisa, hakuna taifa huru linalolazimika kubaki na alama ya aliyelitawala. Tatizo ni kwamba pamoja na malkia waliondoa na mgawanyo. Ghana 1960, Tanganyika 1962, Kenya 1964, zote zilichukua kile kiti cha juu na mamlaka ya waziri mkuu zikaviweka kwa mtu mmoja, na kuanzia hapo kumpinga mkuu wa serikali kukawa ni kupinga taifa, maana ni mtu yuleyule, picha ileile ukutani. Nchi ikipata mtu mwenye kujizuia inapumua, ikipata asiyejizuia hakuna pa kukimbilia.

Uganda ilijaribu njia nyingine, Oktoba 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa rais wa heshima na Obote akabaki waziri mkuu. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi. Ilishindikana kwa sababu Mutesa alikuwa wakati huohuo mfalme wa Buganda, mwenye upande kwenye ugomvi mkubwa kuliko yote nchini, ule wa kaunti zilizopotea, ambazo Bunyoro ilizidai kutoka Buganda, zilizopigiwa kura 1964, na mtu mwenye upande hawezi kukaa kiti kisicho na upande. Mwaka 1966 Obote alisimamisha katiba, akajifanya rais, Mei jeshi likavamia ikulu ya Kabaka pale Mengo na Mutesa akakimbilia Uingereza. Mauritius ilikuja kuweka rais wa heshima 1992 kwa utulivu, na Barbados Novemba 30, 2021, walimgeuza tu aliyekuwa gavana mkuu, Sandra Mason, kuwa rais, waziri mkuu akabaki na kazi yake, na maisha yakaendelea. Australia walipopiga kura 1999 karibu asilimia 55 walikataa jamhuri, na sababu kubwa haikuwa mapenzi kwa malkia, waliotaka jamhuri wenyewe waligawanyika juu ya nani amchague rais, kwa sababu rais aliyechaguliwa na wananchi wote atakuja kudai sauti.

Jamaica nao walipeleka muswada bungeni Desemba 2024 uliopendekeza rais asiye na madaraka ya utendaji. Mjadala mwingi nilioufuatilia unahusu Charles, utumwa na fidia, na hayo ni mambo mazito yanayostahili nafasi yake. Ila Charles akishaondoka kinachobaki ni vifungu vya nani anamteua rais huyo, nani anaweza kumuondoa, na afanye nini siku waziri mkuu akishindwa uchaguzi halafu akagoma kutoka ofisini. Vifungu hivyo ndivyo vingepaswa kusomwa mstari kwa mstari kabla ya kura, maana baada ya kura atakayevisoma kwa makini ni waziri mkuu.